Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Programu Inayotunza Kumbukumbu Zangu za Miaka Tisa

Kwa Mkurugenzi Mtendaji, wasimamizi wa bidhaa na wahandisi wote,

YAH: KUSHINDWA KUZIFUNGUA, KUZITAFUTA NA KUZITOA KUMBUKUMBU ZANGU

Ndugu wakurugenzi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfasiri na mkalimani wa masuala ya kilimo, mkazi wa Morogoro, na kwa miaka tisa sasa programu yenu ndiyo daftari langu la kazi. Kabla ya hapo nilikuwa afisa ugani, na huko vijijini bado wananiita bibi shamba ingawa utumishi huo niliuacha zamani. Wakati ule niliandika katika madaftari ya karatasi, ambayo mengi yaliliwa na mchwa na mengine yakaloa masika nikiwa safarini, hata nilipoipata programu yenu mwaka 2016 nilijiona nimepata ghala lisiloingiwa na panya wala mvua. Humo nimeweka kumbukumbu zipatazo 2,870: majina ya magonjwa na wadudu wa mazao kama wakulima wenyewe wanavyoyataja, kuanzia kantangaze wa nyanya hadi ubwiri unga wa mikorosho na batobato ya mihogo, picha za majani na mizizi, rekodi za sauti za wazee, istilahi nilizozifasiri kwa ajili ya vijitabu na mabango ya semina, na maswali ambayo mpaka leo sijayapatia majibu. Riziki yangu inatoka humo.

Ninawaandikia hadharani kwa sababu nimekwisha kuwaandikia faraghani mara tatu. Mara ya kwanza nilijibiwa na mashine, ikanielekeza kwenye ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Mara ya pili na ya tatu nilijibiwa na mtu, tena kwa adabu, kwamba maoni yangu yamefikishwa kwa wahusika, na wahusika ni ninyi. Nimechagua Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha iliyomo ndani ya kumbukumbu ninazozizungumzia, na kwa kuwa katika orodha ya lugha za programu yenu Kiswahili kimo, nami nachukulia kwamba yupo kwenu mtu anayekisoma.

Mwezi Machi mwaka huu nilikuwa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, nikimkalimania mtaalamu wa magonjwa ya mihogo aliyetoka nje ya nchi. Tulikaa chini ya mwembe, wakulima kama thelathini, wengi wao akina mama, na mmoja wao akasimama na shina la muhogo alilolikata shambani asubuhi ile. Alisema majani yake yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Mtaalamu akaniuliza kama watu wa maeneo yale wanatofautisha kwa jina kati ya batobato na michirizi ya kahawia, na swali lake lilikuwa la maana sana, kwa sababu batobato hujitangaza juu ya majani, yakajikunja na kuwa na madoa ya njano, lakini michirizi ya kahawia inaweza kuyaacha majani yakionekana kuwa na nafuu huku mzizi ukiozea chini kwa chini, na mkulima asijue lolote mpaka siku ya kuvuna. Mkulima asiyeyatenganisha magonjwa hayo mawili hukata pingili katika shina analoliona zuri, akazipanda, na akajikuta amepanda ugonjwa.

Nilijua kwamba jibu ninalo. Miaka mitatu iliyopita mama mmoja wa Mkuranga alinieleza jambo hilo hilo kwa ufasaha ambao sijausikia tena, nami niliandika neno kwa neno. Nikatoa simu. Pale kijijini mtandao haukuwapo kabisa, lakini jambo hilo halikunitia wasiwasi, kwa kuwa ninalipia kifurushi ambacho, kwa maelezo yenu wenyewe, kinaniruhusu kusoma daftari zangu bila intaneti, na daftari la mihogo nilikuwa nimelitia alama ya kuhifadhiwa ndani ya simu. Programu ikafunguka, ikaonyesha vichwa vya kumbukumbu zote, na kila nilichokigusa kikaleta kiduara kinachozunguka na maneno kwamba kumbukumbu hii bado haijapakuliwa. Baadaye nilikuja kugundua kwamba toleo jipya lililojisakinisha wiki moja kabla lilikuwa limefuta nakala zote zilizokuwa ndani ya simu, likazisubiri zishuke upya, wala halikunipa taarifa. Nilibaki nimeiinamia simu huku watu thelathini wakinitazama, mpaka yule mama mwenye shina la muhogo akaniuliza kwa huruma: "Bibi shamba, simu imekunyima?"

Nilimjibu kwamba imeninyima, na kazi ikaendelea kwa yale niliyoyakumbuka kichwani, ambayo si ya kutegemewa katika jambo linalohusu chakula cha watu.

Jioni ile, nikiwa gesti mjini Muheza, niliandika katika simu kurasa mbili za maelezo ya wakulima wale. Kesho yake nilirudi Morogoro, nikafungua kompyuta iliyokuwa imelala kwa siku tano, na nakala ya zamani iliyokuwamo ndani ya kompyuta ikapanda juu na kuifuta ile mpya ya simuni. Halikutokea onyo, wala sikupata nakala ya pili pembeni ya kulinganisha. Nilitafuta katika historia ya matoleo nikaambiwa hakuna kitu. Mimi si mhandisi, lakini ninasoma, na najua kwamba tatizo la vifaa viwili kuandika jambo moja kwa nyakati tofauti lina watu waliolifanyia kazi kwa miaka mingi; mwaka 2019 watafiti wa maabara ya Ink & Switch walichapisha andiko lao wakitetea programu ambazo nakala yake ya kwanza na ya kweli hukaa ndani ya kifaa cha mwenye kazi, na seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mbali, ikabaki kuwa msaidizi. Sijawaomba mgundue kitu. Naomba tu kwamba programu inapokuta maandishi mawili yanayopingana, iyaache yote mawili na kuniuliza mimi niliyeyaandika.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni utafutaji. Hapa naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu nina hakika kwamba hamjawahi kuelezwa na mtu anayeishi nalo.

Kisanduku chenu cha kutafutia huangalia mwanzo wa neno. Nikiandika herufi za kwanza za neno, kinaniletea maneno yote yanayoanza na herufi hizo. Kwa Kiingereza mpango huo unatosha kwa sehemu kubwa, kwa kuwa katika lugha hiyo neno hubadilika zaidi mkiani. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni yake ya kukata mikia ya maneno ya Kiingereza, ili neno lenye mkia na lile lisilo na mkia yahesabiwe kuwa neno moja, na mifumo mingi ya utafutaji imeijenga kazi yake juu ya wazo hilo. Katika Kiswahili kinachobadilika zaidi ni kichwa. Mkulima hasemi "kunja" peke yake. Husema majani yamejikunja, jani limekunjamana, machipukizi hujikunja yakiwa bado machanga. Hasemi "nyauka", husema migomba imenyauka, mche ulinyauka, yote yatanyauka mvua isiponyesha. Nikitafuta "mdudu" siwapati wadudu. Nikitafuta "gonjwa" siupati ugonjwa wala magonjwa. Siku ile niliporudi kutoka Muheza niliandika "kunja" katika kisanduku chenu ili niipate kumbukumbu ya mama wa Mkuranga, na katika kumbukumbu 2,870 nililetewa moja tu, inayohusu kuhifadhi mahindi katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo ndani yake niliandika: kunja mdomo wa mfuko kabla ya kufunga kamba.

Kumbukumbu niliyokuwa nikiitafuta ilikuwamo. Niliipata siku mbili baadaye kwa kupekua moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua mchele. Neno lililokuwamo lilikuwa "yamejikunja".

Dawa ya tatizo hili ipo na haina gharama kubwa. SQLite, ambayo ndiyo hazina ya data iliyomo ndani ya karibu kila simu janja, tangu toleo la 3.34 la Desemba 2020 ina namna ya kupanga maneno kwa vipande vya herufi tatu tatu. Neno "yamejikunja" kwa mpango huo huvunjwa na kuwa yam, ame, mej, eji, jik, iku, kun, unj na nja. Anayeandika "kunja" anatafuta kun, unj na nja, na zote zimo, kwa hiyo neno linapatikana bila mashine kulazimika kujua hata kanuni moja ya sarufi yetu. Faharasa itanenepa kidogo, nakubali. Lakini watakaonufaika ni wengi kuliko Waswahili, maana Kinyarwanda, Kiganda, Kilingala, Kishona na Kizulu nazo huvika maneno viambishi mbele, na watu wanaoandika kwa lugha hizo nao wana kumbukumbu zilizopotea ndani ya maghala yao wenyewe.

Kwa miaka sita nimekuwa nikijitibu mwenyewe. Chini ya kila kumbukumbu ninaandika mstari mmoja kwa herufi kubwa, MIZIZI, kisha nayapanga maneno yasiyo na viambishi: nyauka, oza, toboka, dumaa. Mstari huo hauna faida kwa msomaji yeyote; ninauandikia mashine ili siku moja nikimtafuta mama wa Mkuranga nimpate. Kumbukumbu yake ilikuwa mojawapo ya zile nilizoziandika usiku nikiwa nimechoka, nikausahau mstari huo. Nafikiri si haki kwamba mtu aliyelipia chombo cha kutafutia ndiye afanye kazi ya kutafuta.

Jambo la tatu nitalipitia kwa haraka kiasi, ingawa linakera kila siku. Programu yenu ina kisahihishi cha tahajia ambacho kwa Kiswahili hakijui kitu, lakini kinathubutu kusahihisha, na nikikizima katika mipangilio hujiwasha tena kila toleo jipya linapokuja. Katika kumbukumbu moja ya vipimo vya kuchanganya viuatilifu nilikuta "sumu" imegeuzwa kuwa "sumo" mahali panne. Niliona mapema na nikarekebisha, lakini karatasi kama hiyo huenda moja kwa moja kwa watu wanaobeba bomba la kunyunyizia mgongoni. Menyu zenu za Kiswahili nazo zinahitaji mkono wa mtu: mahali pa kushirikisha mwingine kumbukumbu pameandikwa "Hisa", na mahali pa kuhifadhi pameandikwa "Okoa". Hizo ni tafsiri za neno lililochukuliwa peke yake bila kuangaliwa linafanya kazi gani, na mfasiri yeyote anayeanza kazi angewarekebishia zote kwa siku mbili.

Kisha mkaleta kitufe cha akili bandia. Mlikiweka chini kulia, pale pale kilipokuwa kitufe cha kuanzisha kumbukumbu mpya, hata vidole vilivyozoea kwa miaka minane vikawa vinaamsha kitu ambacho sikukiomba. Kumbukumbu za Kiswahili kilizifupisha kwa Kiingereza. Rekodi ya sauti ya mzee mmoja wa Ukerewe, aliyekuwa akinieleza majina ya mbegu za mihogo za zamani, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kikerewe, kiliigeuza kuwa maandishi ya Kiingereza yasiyo na maana yoyote, kikayaweka juu ya kumbukumbu yangu kana kwamba ndiyo kichwa chake.

Nisingelalamika sana juu ya kitufe kisichofaa kama si swali lililo nyuma yake. Masharti yenu ya matumizi yalibadilishwa wakati ule ule, na nimeyasoma mara mbili bila kuelewa kama sauti na maandishi yaliyomo katika daftari zangu yanatumika kuifundisha mashine hiyo. Wazee na akina mama niliowarekodi niliwaomba ruhusa mmoja mmoja. Niliwaahidi kwamba maneno yao yatatumika kuandikia vijitabu vya wakulima, na wakakubali kwa sababu walinifahamu, walinikaribisha ndani, na baadhi yao nilikula kwao. Waliniamini mimi, na sikuwa na mamlaka ya kuwagawia ninyi imani hiyo. Nchini mwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwapo ningewauliza vilevile: rekodi hizo mmezitumia au hamjazitumia? Jibu la neno moja linanitosha.

Kuhusu bei sitasema mengi. Imepanda karibu maradufu katika miaka miwili, inalipwa kwa dola na kwa kadi tu, na sisi tunaolipa kila kitu kwa simu tunalazimika kutengeneza kadi ya mtandaoni ya M-Pesa kwa ajili yenu peke yenu. Ningeendelea kulipa kama daftari lingefunguka.

Kwa sababu ya mambo haya nimeanza kutafuta mahali pengine, na hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike barua hii. Kuingia kwenu mwaka 2016 kulinichukua jioni moja. Niliburuta mafaili yangu, programu ikayapokea yote, ikayapanga kwa tarehe, na nikaenda kulala. Kutoka ni habari nyingine. Mmeweka kikomo cha kumbukumbu 50 kwa mara moja, maana yake nirudie kazi hiyo mara 58. Kila fungu linatoka bila lebo zake. Tarehe ya kuandikwa inapotea na mahali pake inakaa tarehe ya siku niliyotoa, hata kumbukumbu ya mwaka 2017 kuhusu viwavijeshi vamizi wa mahindi, ambayo thamani yake yote imo katika tarehe, inaonekana kuwa imeandikwa wiki iliyopita. Picha zinatoka, lakini rekodi za sauti zinatoka zikiwa na majina ya tarakimu ndefu zisizohusiana na kumbukumbu zilimokuwa, na mimi ninazo rekodi 312.

Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inampa mtu katika kifungu cha 20 haki ya kupewa taarifa zake alizozitoa mwenyewe katika muundo uliopangika, unaotumika na wengi na unaosomeka na mashine, ili azipeleke kwa mtoa huduma mwingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ina haki kama hiyo katika kifungu cha 38. Mtumiaji wenu wa Lyon na wa Nakuru wanaweza kuwadai kwa jina la sheria. Mimi wa Morogoro nawaomba kwa jina la kazi yangu, na sioni sababu ya kuwa na milango miwili ya kutokea, mmoja mpana na mmoja wa kupita kwa ubavu, katika nyumba moja ambayo wote tuliingia kwa kulipa kiingilio kile kile.

Msidhani nawaza kwamba mna nia mbaya. Nimeona huduma nyingi zikibadilika au kufungwa, na nyingine ziliwatendea watu wake vizuri. Google ilipoifunga Google Reader, programu yake ya kufuatilia habari za tovuti mbalimbali, tarehe 1 Julai 2013, wasomaji waliweza kuchukua orodha zao na kuondoka nazo. Wunderlist, programu ya kuorodhesha shughuli iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2015, ilifungwa Mei 2020. Mwishoni mwa mwaka 2023 Evernote, programu ya kumbukumbu kama yenu, iliwawekea wasiolipa kikomo cha kumbukumbu 50 na daftari moja. Kampuni hununuliwa, mipango hugeuka, na siku moja ninyi pia hamtakuwapo. Hilo nalikubali kama ninavyokubali kwamba daftari la karatasi lina kurasa za mwisho. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa magonjwa ya mimea aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kule kule katika milima iliyo juu ya Muheza nilikokwama na simu yangu. Alichokiandika kinasomeka mpaka leo na yeyote mwenye macho. Maelezo ya mama wa Mkuranga yana miaka mitatu tu, na tayari kuyasoma kunategemea hali ya seva yenu.

Mahali ninapopaangalia si pakamilifu, na ni haki niwaambie kwa sababu bado mnaweza kunishawishi nibaki. Nimeijaribu Joplin kwa mwezi mzima: ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inafunguka bila mtandao, na inaniruhusu kuchagua mwenyewe mahali pa kuweka nakala zangu. Utafutaji wake wa kawaida nao huanzia mwanzo wa neno, lakini ukitanguliza alama ya mkwaju (/) inatafuta hata katikati, na "kunja" ikanipatia "yamejikunja" katika kumbukumbu chache nilizokuwa nimezihamishia humo kwa mkono. Nimeijaribu pia Obsidian, ambayo huweka kila kumbukumbu kama faili la maandishi ya kawaida ndani ya folda, kwa mtindo wa Markdown uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004, kiasi kwamba hata programu yenyewe ikitoweka mafaili yanafunguka kwa chombo chochote. Hiyo inapata neno popote lilipo. Kwenye simu yangu, ambayo si ya bei kubwa, inachelewa kufunguka folda inapojaa picha, na kusawazisha kati ya simu na kompyuta kunahitaji ama kulipia ama kujifunza mambo ambayo mkulima mwenzangu asingeyaweza. Google Keep naitumia kwa orodha ya sokoni, lakini siwezi kuipa kazi ya miaka tisa. Kwenu kuna kitu ambacho hao wengine hawajakifikia: kurekodi sauti na kuandika kwa wakati mmoja, kisha kugusa mstari na kusikia kilichokuwa kikisemwa nilipouandika. Aliyekibuni hicho alimwelewa mtu anayefanya kazi shambani, na kama bado yuko kwenu naomba apewe sauti zaidi.

Hivi sasa ninahamisha kumbukumbu 40 kila jioni, baada ya chakula, nikifungua kila moja, nikinakili maandishi, nikiandika tarehe yake ya kweli kwa mkono na kuisikiliza rekodi yake ili nijue ni ya nani. Nimefika 640. Malipo yangu ya mwaka yanakwisha tarehe 30 Novemba, na kwa mwendo huu maandishi yatakuwa yametoka kabla ya siku hiyo. Rekodi za sauti ndizo sina hakika nazo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kabla ya tarehe hiyo. Nipewe njia ya kutoa daftari zima kwa mkupuo mmoja, pamoja na lebo, tarehe za asili na sauti zilizobaki na majina ya kumbukumbu zake, na njia hiyo apewe kila mtumiaji popote alipo. Toleo jipya lisifute tena nakala zilizomo ndani ya simu ya mtu kabla hajaulizwa. Nijibiwe juu ya matumizi ya rekodi zangu katika kuifundisha mashine yenu. Utafutaji wa katikati ya neno naelewa kwamba hauwezi kuja kwa wiki chache. Kwa huo nitafurahi kuelezwa tu kwamba umo katika mipango, na kama mnahitaji mtu wa kuwapa orodha ya maneno ya kujaribia, ninayo, na nitaitoa bila malipo.

Kuna rekodi moja ambayo haiwezi kusubiri. Ni ile ya mzee wa Ukerewe niliyoitaja juu, ya dakika 14. Nilipoitoa mwezi uliopita faili lilikuja tupu, na ndani ya programu yenu sasa inacheza mpaka dakika ya sita inakatika, pale anapoanza kutaja mbegu ya tatu kati ya saba. Mzee huyo alifariki mwaka jana, na wajukuu wake wameniomba sauti yake. Nimekwisha kuwatumia watu wenu wa huduma kwa wateja namba ya kumbukumbu hiyo, mara mbili, na inaonekana katika ujumbe wangu wa mwisho kwao. Naomba muanze na hiyo.

Wenu katika kazi,

Mfasiri na mkalimani wa masuala ya kilimo,
Morogoro